Morris Minor ya 1963: shajara ya kulifufua gari, Oxford

Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye Morris Minor iliyolala, iwe uani Tanga au Mombasa, au kwenye gereji ya kukodi huku Uingereza kama mimi. Hatua za kawaida nimezipitia mbio. Nilipokosea nimeandika kirefu, kwa sababu huko ndiko pesa na Jumamosi zangu zilikokwenda. Bei zote ni pauni.

11 Machi 2023: Kununua

Gari la milango minne, kijani kilichopauka, hati ya usajili inasema 1963. Limekaa bandani miaka 14. Nimelipa 1,150, na 90 za lori la kulivuta hadi gereji niliyokodi mashariki ya Oxford. Cowley, kilikokuwa kiwanda lilikozaliwa, hakuko mbali, hata kwa miguu unafika.

Ami yangu alikuwa fundi Tanga na nimekua nikiona miguu yake tu, kiwiliwili kiko chini ya Morris. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, na serikali iliwagawia chuma kwanza viwanda vilivyouza magari nje. Ndiyo maana gari la familia ya Kiingereza lilifika hadi gereji za kwetu.

Kabla ya kushika spana nilipima boneti. Katikati yake, toka puani kuelekea kiooni, kuna ukanda bapa. Niliweka futi ya utepe juu yake: inchi 4. Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa Smyrna mwaka 1906, ambaye familia yake ilikimbia vita mwaka 1922, alikuwa amekwisha maliza mfano wa gari hili ukiwa na upana wa inchi 57. Kila akiliangalia halimkai machoni. Mwishoni kabisa, matayarisho ya kiwanda yakiwa yamefika mbali, aliagiza lipasuliwe katikati kwa urefu, nusu mbili zisogezwe taratibu mpaka aseme basi. Aliposema basi, pengo lilikuwa inchi 4. Boneti ikaongezwa ukanda huo. Mabampa yalikuwa yameshatengenezwa, kwa hiyo magari ya mwanzo yalitoka na bampa lililokatwa katikati na kuungwa kwa kipande cha chuma. La kwangu ni la baadaye, bampa lake ni zima. Ukanda wa boneti ulibaki miaka yote, na ukipitisha kiganja unausikia.

26 Machi 2023: Kuvua, na namba iliyonipoteza

Viti, mazulia, bampa, grili, tangi na radieta vimetoka siku mbili. Kila kitu ndani ya mfuko wake, kwa maandishi. Kutu: vizingiti vyote viwili vya chini ya milango, sakafu ya dereva, na sehemu za kushikia springi za nyuma. Boneti, paa na milango ni vizima.

Injini ina kibati cha namba kinachoanza na 9M. Hiyo ni injini ya 948 cc. Hapa niliwaza vibaya, na mawazo hayo yalinigharimu mwezi mmoja mbele. Naiweka historia ya injini hapa ili wewe usikosee.

Gari lilipoonyeshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Earl's Court, London, Oktoba 1948, lilikuwa na injini kuukuu ya 918 cc ya valvu za ubavuni. Issigonis alitaka injini bapa na pana, ya silinda 4 zilizolala, akakosa. Ndiyo maana chini ya boneti pana nafasi kiasi cha kuingiza mikono yote miwili. Mwaka 1952 kampuni ya Morris iliungana na mshindani wake Austin, na Minor ikapewa injini ya Austin ya 803 cc. Mwaka 1956 ikaja 948 cc, kioo cha mbele kikawa kipande kimoja, jina likawa Minor 1000. Mwaka 1962 ikaja 1098 cc, nguvu ikapanda kutoka farasi 37 hadi 48, na namba zake huanza na 10MA.

Kwa hiyo gari la 1963 lilipaswa kuwa na 10MA. Nilipoiona 9M nikahukumu kuwa hati imekosewa na gari ni la zamani zaidi. Sikufikiria kwamba injini inaweza kubadilishwa.

23 Aprili 2023: Viatu vya breki visivyoingia

Nimeagiza viatu vya breki vya inchi 7 mbele na nyuma, kwa kuamini ile injini. Vya nyuma vimekaa sawasawa. Vya mbele vimepwaya ndani ya ngoma kama mtoto aliyevaa makubazi ya baba yake.

Nilirudi kwenye kitabu cha matengenezo. Ilipokuja injini ya 1098 mwaka 1962, ngoma za mbele zilikuzwa kutoka inchi 7 hadi 8; za nyuma zikabaki 7. Gari langu lina ngoma za 8 mbele. Kisha nikatazama kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza: halina mikono ya indiketa. Morris za mwanzo zilikuwa na mikono midogo inayochomoza kwenye nguzo kati ya milango ukitaka kukata kona, na taa za kupepesa zilichukua nafasi yake mwishoni mwa 1961. Bodi ni la 1963 kama hati inavyosema. Injini ndiyo mgeni. Mtu aliitoa kwenye gari la zamani akaifunga humu.

Basi sheria yangu sasa: ukiagiza spea za breki, pima ngoma kwa futi. Usiulize injini. Nimepoteza 7 za posta kurudisha seti ya makosa. Viatu sahihi vya mbele 28, vya nyuma 24. Silinda ndogo za magurudumu ni 6, maana kila gurudumu la mbele lina mbili na la nyuma lina moja: 114 zote. Mipira ya breki mitatu 33, mabomba mapya 46.

Tahadhari moja kabla sijasahau. Laini za msuguano kwenye viatu vya breki vya zamani zinaweza kuwa na asbestosi. Usipulize vumbi la ngoma kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe, futa kwa kitambaa, kitambaa funga kwenye mfuko, na vaa barakoa ya maana.

14 Mei 2023: Masta silinda

Hii imekula wikendi mbili kwa bolti mbili.

Masta silinda ya Morris, yaani pampu kuu ya breki, haipo chini ya boneti. Imejificha ndani ya boriti ya sakafu, chini ya miguu ya dereva, na mafuta yake unayaongeza kwa kuinua zulia. Inashikwa na bolti mbili ndefu zinazopita ubavuni mwa boriti. Nati zilifunguka bila shida. Nikaanza kuzigonga bolti zitoke; zilitoka nusu, zikagota. Nikamulika tochi. Kilichozizuia ni nondo ya springi ya mbele.

Morris haina springi za kuviringa mbele. Ina nondo mbili ndefu zinazolala sambamba na boriti, na gari likipanda tuta nondo inajisokota kisha inajirudisha. Ni ubunifu mzuri, na ndio unaolifanya gari hili likate kona vizuri kupita wenzake wa 1948. Lakini kiwandani bolti za masta ziliingizwa kabla ya nondo. Ukitaka kuzitoa kwa njia hiyohiyo, lazima nondo iondoke kwanza.

Nilijaribu kupinda bolti. Sishauri, nilikwaruza nondo, na nondo iliyokwaruzwa ndiko inakoanzia kuvunjika. Nilisugua mkwaruzo kwa msasa laini mpaka ukatoweka kabisa, nikapaka rangi. Kisha nikakata vichwa vya bolti kwa msumeno wa chuma, taratibu, nikavuta vilivyobaki kutoka upande wa pili.

Kurudisha: bolti mpya nimeziingiza kinyume, vichwa upande wa ndani, nati upande wa nondo. Siku ikiharibika tena zitatoka kwa dakika kumi. Nimemaliza nikajua kuwa wenye Morris wengi hufanya hivi. Masta mpya 68, mafuta ya breki 12.

16 Julai 2023: Vizingiti, kosa kubwa kuliko yote

Bati: seti ya vizingiti 210, vipande vya sakafu 96, vishikio vya springi za nyuma 74. Gesi na waya wa kuchomelea 130. Rangi za kuzuia kutu 58.

Nimefundishwa kuchomelea kwenye magari yenye chasisi, yale ambayo bodi ni kofia tu iliyokaa juu ya fremu. Gari la namna hiyo ukikata kizingiti chake, halisikii. Morris Minor haina chasisi kamili. Bodi lenyewe ndilo linalobeba, na kizingiti ni sehemu ya uti wa mgongo. Hilo nililisoma, ila sikuliweka mkononi.

Niliweka gari kwenye stendi nne, mbili mbele na mbili nyuma, injini ikiwa ndani. Nikakata kizingiti cha kushoto chote kwa mkupuo mmoja. Nikachomelea kipya, nikapiga grainda, nikafurahi. Nilipotundika mlango wa nyuma haukufunga. Uwazi wa juu ulikuwa umebanwa, wa chini umepanuka kiasi cha kidole kupita. Gari lilikuwa limelegea katikati, kama kitanda cha kamba, nami nikaligandisha hivyohivyo kwa moto.

Nilikaa pembeni nikanywa chai nzima kabla ya kuligusa tena.

Nilivyorekebisha: injini nimeitoa, kupunguza uzito. Nimekata mshono wote niliouchomelea. Nimefunga vyuma viwili vya pembe kwenye kila uwazi wa mlango, mshazari, kwa bolti kwenye matundu ya bawaba na ya kitasa. Nimeweka jeki na ubao mpana chini ya katikati, nikainua robo mzunguko kila mara na kutundika mlango kupima, mpaka uwazi ukawa sawa juu na chini. Ndipo nikashikiza kwa nukta za moto, moja hapa na nyingine mbali nayo, nikiacha bati lipoe kila baada ya nukta chache. Kizingiti cha pili kimegharimu 62, maana cha kwanza kilikwisha kwa kukatwa. Upande wa kulia nimefunga vyuma kwanza, nikakata kidogokidogo, na milango imefunga kwa kidole.

Ukisoma sehemu moja tu ya shajara hii, soma hii. Funga vyuma mlangoni kabla ya kukata.

17 Septemba 2023: Miguu ya mbele

Kila mwenye Morris anajua hadithi ya gurudumu linalolala. Chini ya kila mguu wa mbele kuna kipande kinachoitwa trunioni, kina hesi ndani, na mguu mzima unazunguka juu ya hesi hizo ukikata kona. Grisi ikikosekana, hesi zinalika, siku moja mguu unachomoka na gurudumu linaanguka ubavu. Mara nyingi hutokea mwendo mdogo, unapogeuza gari. Si lazima iwe hivyo.

Za kwangu zilikuwa zinatikisika. Nimenunua trunioni na pini zake pande zote mbili, 148, na mipira 22. Nondo za springi nimeziwekea alama kwa rangi kabla ya kuzitoa, kushoto na kulia, kwa sababu zikishazoea kujisokota upande mmoja hazibadilishwi. Kabla ya kuachia mkono wa chini, ushike kwa jeki. Nondo ina nguvu ya kuvunja mguu wa mtu.

Kulia kulikaa. Kushoto hesi zilikataa. Nilimpigia ami.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Morris imefika wapi?"

"Mguu wa kushoto, ami. Trunioni haishiki hesi. Nimejaribu kuisukuma."

"Usisukume. Umeizungusha wapi?"

"Kama ya kulia."

"Basi ndiyo hiyo. Hesi za kushoto na za kulia hazifanani, moja inakaza huku, nyingine kule. Nini kimeandikwa kwenye paketi?"

Paketi zilikuwa na herufi, nami nilikuwa nimezifungua zote pamoja juu ya meza moja nikazichanganya. Nilibadilisha, ikaingia kwa vidole.

"Na grisi," akasema, "usitie kwa kuonjesha. Tia mpaka ile ya zamani itoke pembeni. Morris ikinyimwa grisi hupiga goti. Nimeziinua nyingi barabara ya Pangani."

Mimi nimejiwekea kila maili 1,000. Gari linyanyuliwe, magurudumu yaning'inie, ndipo grisi ipenye.

12 Novemba 2023: Betri

Nyaya nyingi ni nzima. Nimebadilisha zilizokauka, 27. Betri mpya 64. Nikaifunga kama nilivyofunga betri zote maishani mwangu, hasi kwenye bodi.

Morris ya miaka hii chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya wakati ule yalikuwa hivyo, yakageuzwa kadiri miaka ya 1960 ilivyosonga. Mwenyewe wa zamani alikuwa ameondoa platini, ile swichi ndogo inayokatakata umeme wa plagi, na kuweka kifaa cha elektroniki ndani ya distribyuta. Nilipowasha swichi nilisikia harufu kama ya kucha iliyoungua. Kifaa kilikufa hapohapo.

Kilichonipa faraja ni kwamba vingine vyote vya asili havikudhurika. Stata, taa na pampu ya mafuta ya aina ile ya zamani havijali sana upande. Nimerudisha platini na kondensa, rota na kofia mpya, jumla 31, nami nitabaki nazo. Platini unaweza kuitengeneza barabarani kwa msasa wa kucha.

Dinamo ilihitaji kukumbushwa upande wake. Betri ikishafungwa sawa, chomoa waya wa ncha iliyoandikwa F kwenye dinamo, chukua waya kutoka kwenye ncha ya betri isiyokwenda bodini, uguse ile F mara mbili tatu, kama unavyogusa pasi kuona kama ni moto. Cheche ndogo itatoka. Rudisha waya wake. Kisha nimebandika karatasi ndani ya boneti kwa herufi kubwa: CHANYA KWENYE BODI.

25 Februari 2024: Injini yawaka

Tangi limesafishwa kwa siki na nyororo, likasuuzwa. Pampu imefunguliwa, seti ya mipira 38. Mabomba ya mafuta 19: usiyaache ya zamani, maana tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo inakula mpira wa zamani. Ninatia ile ya daraja la juu yenye ethanoli kidogo, pamoja na dawa ya kulinda viti vya valvu. Injini hii ilibuniwa kwa petroli yenye risasi, ambayo imeondolewa vituoni tangu mwanzo wa 2000.

Mabomba ya radieta 24, gasketi 29, oili na chujio 41. Nimepima mgandamizo wa silinda zote nne, kwa paundi kwa inchi ya mraba: 150, 145, 150, 140. Kwa injini ya umri huu ni ya kushukuru, na nimeamua 948 ibaki humu japo si yake. Ina historia yake. Inatoka kwenye gari la kati ya 1956 na 1962, kipindi ambacho Minor iligonga magari milioni 1, Desemba 1960, ikiwa gari la kwanza la Uingereza kufika hapo.

Nilifungua swichi. Pampu ikaanza, tik tik tik tik, haraka, kisha ikapunguza, tik, tik, ikanyamaza: kabureta imejaa. Stata mara ya tatu, ikashika.

19 Mei 2024: Barabarani

Matairi matano, 260. Gari lenye umri zaidi ya miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kukaguliwa kila mwaka huku, wala halilipiwi kodi ya barabara. Nimelipeleka ukaguzi kwa hiari, 55. Mtu aliyechomelea gari lake mwenyewe anahitaji jicho la pili chini ya sakafu. Lilianguka kwa breki ya mkono tu; nilikaza kebo, likapita.

Safari ya kwanza ilikuwa Cowley. Huko sasa kuna kiwanda kinachotengeneza Mini mpya chini ya BMW, na Mini ya kwanza, ya 1959, aliibuni Issigonis huyohuyo. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikampigia ami, nikaweka simu karibu na ekzosi, nikamwambia mtoto wangu akanyage mafuta na kuachia. Morris ukiachia mafuta inatoa mlio wake, prrup prrup prrup. Ami alinyamaza. Halafu akasema, "Achia tena."

Jumla, bila kodi ya gereji: gari na lori 1,240, breki 332, bati 630, miguu ya mbele 170, umeme 122, mafuta na injini 151, matairi 260, ukaguzi 55. Ni 2,960.

Yaliyobaki: gia ya pili inakwaruza ukishuka kutoka ya tatu, na oili inadondoka nyuma ya injini, kati yake na gia boksi. Gia ya kwanza haina sinkro (kifaa cha kuingiza gia bila kukwaruza) tangu kiwandani, hiyo nimeizoea. Gia boksi itashushwa Agosti. Injini itatoka kwanza, na safari hii milango haitaguswa.